Agosti Lambrini Alipokataa Kupatikana

Lambrini Tsumani hajawahi kuolewa, lakini kwa miaka ishirini na sita hakuna harusi ya maana katika mji wa Kigiriki wa Yanina iliyofungwa bila mkono wake. Ana duka dogo kwenye kichochoro kilicho chini ya ngome, na humo hutengeneza mataji ya harusi: mawili mawili, ya waya uliovikwa hariri na vichipukizi vya nta, yakiunganishwa na utepe mmoja, yale wanayobadilishiwa maharusi vichwani mara tatu mbele ya padri. Dada yake, Magda, anatengeneza mishumaa ya ubatizo na kusimamia wateja. Mimi ni binamu yao kwa upande wa mama, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyaona, si kwa kuhadithiwa.

Zamani wateja waliingia mlangoni na mama zao na shangazi zao, wakagusa, wakanusa, wakagombana, wakanunua. Kisha mabibi harusi wakaacha kuja. Wakawa wanachagua wakiwa kitandani, simu mkononi. Dada hao wawili wakajiandikisha kwenye tovuti moja kubwa ya mambo ya harusi. Sharti la tovuti lilikuwa moja: ukimjibu mteja ndani ya saa moja, kando ya jina lako inawaka nukta ya kijani, nawe unatokea juu kabisa. Ukichelewa, nukta inazimika, unashushwa. Jumapili haihesabiki kuwa Jumapili wala Pasaka kuwa Pasaka.

Nukta ya Lambrini haikuzimika miaka mitatu. Alijibu akiwa kwa daktari wa meno, nusu ya mdomo imekufa ganzi. Alijibu kwenye mazishi ya mjomba wetu, simu ameifunika kwa ncha ya kilemba, padri akadhani binti wa watu amezidiwa na kilio. Nilikuwa nyuma yake. Nilimwona akiandika: "Rangi ya maziwa itakupendeza zaidi, mpenzi."

Kijijini kwetu, juu milimani, mtandao unashika mahali pamoja tu, nyuma ya kanisa, ukiegemeza mgongo kwenye mnara wa kengele. Mwaka juzi, tarehe kumi na tano Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, Lambrini alikuwa ameegemea mnara huo. Mteja wake alikuwa binti wa Kigiriki anayeishi Stuttgart, na swali lake lilikuwa kama utepe uwe wa nyuzi mbili au tatu. Misa ilikuwa imekwisha. Upande wa pili wa kanisa, uwanjani, zumari lilikuwa limeshaanza kulia, na wanawake walikuwa wameshikana mikono.

Mama yao, shangazi yangu Evanthia, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Siku hiyo alisimama, akaweka fimbo chini, akashika kitambaa cha kwanza, cha mwenye kuongoza ngoma. Akaongoza mduara mzima, nyimbo mbili, polepole, mgongo umenyooka kama wa msichana. Watu waliacha kula. Mpiga zumari alishuka jukwaani akaja kumpigia sikioni.

Lambrini alipotokea kutoka nyuma ya kanisa, mama yake alikuwa ameshaketi, anajifuta jasho.

"Umeniona?" akamuuliza.

"Nimekuona, mama. Ulipendeza sana."

Mama akamtazama, kisha akaitazama ile simu. "Haya," akasema. "Kama umeona, vizuri."

Februari mama akafa, usingizini, bila kumsumbua mtu. Siku ya arobaini mtu mmoja akamtumia Lambrini video ya ile ngoma, dakika nne. Ameniambia kwamba aliitazama mara moja tu, dukani, mlango umefungwa. Kwenye video, nyuma ya mabega ya mama yake, alijiona mwenyewe: kisigino chake na pindo la gauni lake la bluu, vikitokeza pembeni mwa ukuta wa kanisa.

*

Julai iliyofuata akamwambia dada yake, "Agosti hii sipatikani."

Magda alikuwa anafunga mshumaa. "Hupatikani vipi?"

"Kuanzia tarehe kumi na tatu hadi kumi na saba. Simu naiacha hapa dukani, kwenye droo."

"Lambrini, una homa?"

"Sina."

"Baada ya kumi na tano ndio harusi zinaanza tena! Mfungo wa Bikira Maria umeisha, nchi nzima inaoa! Na wa Septemba na Oktoba ndio wakati wanaagiza. Siku tano? Siku tano tutakuwa ukurasa wa sita, pamoja na wale wauza maua ya plastiki."

"Basi tutakuwa nao. Nao ni binadamu."

"Nitajibu mimi, basi."

"Wewe utakuwa Parga na watoto wako, baharini. Au umesahau? Mwaka jana ulijibu ukiwa ndani ya maji, simu ikazama. Pumzika, Magda."

"Na mtu akipata shida ya kweli?"

Hapo Lambrini aliweka mkasi chini. Si mtu wa kumtupa mteja. Akaketi, akaandika tangazo, akalibandika kwenye tovuti na kwenye kioo cha duka. Ninayo nakala yake:

"Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Agosti nipo kijijini kwetu kwenye sikukuu. Sitasoma ujumbe wowote. Taji lako likivunjika na harusi ni wiki hii, piga simu ya mezani ya mkahawa wa Mzee Kleanthis (namba iko hapa chini), saa tano hadi saa sita mchana. Kama halijavunjika, subiri. Nami pia nilisubiriwa, na sikuja. Lambrini."

Magda alitaka ile sentensi ya mwisho itoke. Lambrini akakataa. "Asiyeielewa si lazima aielewe," akasema.

Tovuti ilituma onyo siku hiyo hiyo: mwanachama anayetangaza namba ya nje anavunja masharti. Lambrini akalisoma kwa sauti, akalifuta.

*

Kitu kimoja alisahau, kumwuliza Mzee Kleanthis mwenyewe.

Mzee huyo ana miaka sabini na minne, na mkahawa wake ni chumba kimoja chenye meza sita, jiko la kuni na simu ya mezani iliyotundikwa karibu na friji. Kwa kawaida simu hiyo hulia mara moja kwa wiki, mkewe akiwa amekwenda mjini kwa daktari. Tarehe kumi na tatu, saa tano na dakika mbili, ikalia.

"Naam!" akafoka. Yeye hufoka kwenye simu kwa sababu Yanina ni mbali. "Lambrini? Lambrini gani? … Mataji? Mama, hapa ni mkahawani, tunauza kahawa!"

Akakata. Ikalia tena. Ya tatu ilipokuja, Lambrini alikuwa anaingia mlangoni, na Mzee akamnyooshea ile simu kama mtu anayemrudishia jirani kuku wake.

"Wewe mtoto wa Evanthia! Umenifanya katibu wako?"

"Siku tano tu, mzee wangu. Saa moja kwa siku."

"Na mshahara?"

"Taji utakapooa mke wa pili."

Wazee waliokuwa wanacheza karata waligonga meza kwa kucheka. Kesho yake Mzee alikuwa amevaa shati jipya na kuweka daftari na kalamu kando ya friji. Na kama mnavyojua watu wenye kupewa madaraka uzeeni, hakuna bibi harusi aliyempita kirahisi.

"Limevunjika?" nilimsikia akimhoji mmoja. "Halijavunjika? Basi unataka nini? … Kama ni jeupe au jeupe zaidi? Binti yangu, huyo bwana akishakuona umevaa gauni hataona utepe. Subiri Jumatatu. … Nani, mimi? Mimi ni Kleanthis. … Hapana, sijasomea mambo ya harusi. Nimeoa miaka arobaini na nane, hiyo haitoshi?"

Siku mbili zilipita hivyo. Walipiga watu kumi na wawili, na hakuna aliyekuwa na taji lililovunjika.

*

Tarehe kumi na tano misa iliisha saa nne na nusu. Meza zilikuwa uwanjani, chini ya kivuli cha kanisa, kondoo wameshatoka tanurini, pai za mboga za mwitu zimekatwa. Zumari likaanza kwa ule wimbo mrefu wa huzuni unaotangulia kila kitu kwetu. Kisha wanawake wakasimama.

Mwanzoni Lambrini hakusimama. Alikuwa na gauni jeusi, mwaka wa mama yake haujatimia, na kwa desturi aliyefiwa hachezi. Bibi mmoja, Harikleia, rika la marehemu, akamtupia maneno kutoka meza ya pili:

"Umekuja kufanya nini, basi? Kutuhesabu?"

"Nina msiba, bibi."

"Msiba unao tangu mwaka jana, yeye anacheza hapa na wewe uko nyuma ya kanisa. Mama yako alinililia mimi, si wewe. Simama!"

Uwanja mzima ulisikia. Lambrini akawa mwekundu mpaka masikioni. Nilidhani ataondoka. Badala yake akavua viatu, akaenda moja kwa moja mbele ya mduara, akachukua kitambaa cha kwanza. Wengine walinong'ona. Padri akageuza uso, akajifanya anazungumza na mtu.

Alicheza vibaya. Lazima niseme ukweli, kwa sababu yeye mwenyewe anausema. Alikosea hatua ya tatu na ya saba, akamkanyaga aliyemfuata. Lakini mgongo aliunyoosha, na kidevu hakukishusha, wala hakumtazama mtu yeyote aliyenong'ona.

Katikati ya wimbo, Mzee Kleanthis akatokea kutoka mkahawani, anatweta, aproni imepinda.

"Lambrini! Limevunjika! Hili limevunjika kweli!"

Lambrini akaendelea kucheza.

"Lambrini! Bibi harusi analia! Harusi ni kesho!"

"Mwambie wimbo haujaisha!"

"Nimwambie nini?"

"Umwambie hivyo hivyo! Wimbo haujaisha!"

Mzee alisimama pale, hajui aende wapi. Hatimaye akarudi mbio. Tulisikia sauti yake kupitia dirishani, akifoka kwenye simu: "Wimbo haujaisha, binti yangu! Usikate! Sikiliza na wewe!" Akatoa ile simu dirishani kadiri waya wake ulivyofika, ili na bibi harusi asikie zumari.

Lambrini alimaliza. Nyimbo mbili, kama mama yake. Kisha akavuka uwanja bila viatu, akaingia mkahawani, nasi wenye umbea tukaingia nyuma yake.

Bibi harusi aliitwa Danai, wa Metsovo. Kwa vile Mzee huiweka simu yake kwenye sauti ya juu kwa ajili ya masikio yake, wote tulisikia.

"Nimesubiri dakika kumi na tano!" alikuwa anapiga kelele. "Kumi na tano! Nasikiliza ngoma!"

"Pole. Limevunjika wapi?"

"Yote mawili! Yamebonyea kabisa, vichipukizi vimetoka!"

"Yameanguka?"

"Yamekaliwa."

"Na nani?"

"Na mama mkwe. Kwenye gari. Anasema hakuona sanduku."

Mzee Kleanthis akajifunika mdomo kwa kofia.

"Sawa," akasema Lambrini. "Panda gari uje. Ni mwendo wa saa moja na nusu."

"Mimi nije? Kesho naolewa! Wewe ndiye fundi, wewe ndiye wa kuja!"

"Mimi nina sikukuu, binti yangu. Niko kwetu, na leo siendi popote."

"Nitakuandika! Nitaandika kwenye tovuti kila mtu asome, kwamba hupatikani!"

"Andika," akasema Lambrini, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Andika na jina langu lote. Ukimaliza kuandika, uje kabla ya saa kumi, jua bado likiwa upande wa dirisha. Na mama mkwe uje naye."

"Yeye wa nini?"

"Atashika utepe."

*

Walifika saa tisa. Danai alikuwa msichana mrefu mwenye macho yaliyovimba, nywele ameshaanza kuzisokota kwa ajili ya kesho. Nyuma yake alikuja mama mkwe, mwanamke mnene, amevaa mkufu mzito, sanduku amelikumbatia kama mtoto mchanga. Hawakuwa wameongea njia nzima, ilionekana wazi.

Lambrini hakuwa na vifaa. Vyote vilikuwa Yanina. Mzee akaleta koleo kutoka kwenye kisanduku cha gari lake, padri akatoa waya mwembamba aliofungia mizabibu, na mtu akaleta mshumaa. Akaketi dirishani, akayanyoosha mataji yale polepole, inchi kwa inchi, ncha ya ulimi imetokeza. Mama mkwe akashika utepe. Kila alipotaka kuongea, Lambrini alisema, "Usitikisike, mama."

Vichipukizi vitano vilikuwa vimesagika kabisa. Alivigeuza geuza kiganjani, akatikisa kichwa. "Nta ya mshumaa haitafanana. Itaonekana kwenye picha."

Bibi Harikleia, aliyekuwa amejipatia kiti cha karibu kuliko wote, akainuka, akaenda nyumbani kwake. Alirudi na kijisanduku cha kioo, kile kinachokaa karibu na picha takatifu katika kila nyumba ya kwetu. Ndani mlikuwa na mataji yake mwenyewe, ya mwaka 1963, yamegeuka rangi ya asali.

"Chukua vitano."

"Bibi, haya ni ya ndoa yako," akasema Danai.

"Ndiyo maana nasema vitano. Chukua kwenye la mume wangu. Yule mzee hakustahili hata hivyo vilivyobaki."

Mama mkwe akaanza kucheka. Akacheka mpaka utepe ukamtoka, na Danai, aliyekuwa hajamwangalia tangu Metsovo, akacheka naye, huku machozi yakimtoka upya, ya aina nyingine.

Saa kumi na nusu kazi ilikuwa imekwisha. Vile vitano vya asali Lambrini alivigawa, vitatu huku, viwili kule, ikaonekana kama vilipangwa hivyo tangu mwanzo. Danai alikula, akacheza wimbo mmoja, akapanda gari. Kabla ya kuondoka akamwambia Lambrini, akitazama chini:

"Nimeshaandika. Nikiwa njiani, tulipopata mtandao. Maneno makali. Nitafuta."

*

Hakuweza kufuta. Tovuti haikubali. Na Jumatatu Lambrini alipofungua droo, alikuta ujumbe sitini na tatu. Zaidi ya nusu walikuwa wameuliza, kisha wakajijibu wenyewe. Wanane walikasirika na kwenda kwa wengine. Nukta ya kijani haikuwepo, na duka lilikuwa ukurasa wa sita kweli, kama Magda alivyosema, chini ya maneno ya Danai: "Mtu huyu hapatikani. Nimelia kwenye simu nikisikilizishwa zumari."

Magda alirudi na rangi ya jua na hasira.

"Umeridhika?"

"Sijaridhika. Wale wanane nawasikitikia."

"Danai amejitolea kutuandikia mengine mazuri. Amewaambia watu wa tovuti. Ungewapigia tu, ukaomba radhi, wakarudisha nukta."

"Niombe radhi kwa kosa gani? Alichoandika ni kweli. Sikupatikana."

Oktoba kijana mmoja wa tovuti alipiga mwenyewe, ana adabu nyingi. Akaeleza kwamba siku hizi kuna programu inayojibu kwa niaba ya mwenye duka, mchana na usiku, kwa jina lake, na hata kwa maneno anayopenda kuyatumia. Ingejifunza kutoka kwenye ujumbe wake wa zamani. Nukta ingerudi siku hiyo hiyo.

"Yaani itasema 'mpenzi'?" akauliza Lambrini.

"Ikiwa ndivyo ulivyozoea kusema, ndiyo, mama."

"Nami nitakuwa wapi?"

"Popote upendapo!"

"Na anayelia, naye itamwambia nini?"

Kijana akasema hilo linaendelea kuboreshwa. Lambrini akamshukuru, akamtakia kazi njema, na jioni hiyo akaliondoa jina la duka kwenye tovuti. Magda hakumsemesha wiki tatu. Walifanya kazi meza moja, wakipitishiana mkasi bila neno.

Majira ya baridi yalikuwa mabaya. Walikiacha kile chumba cha nyuma walichokuwa wamekikodi kwa ajili ya mishumaa. Masika maagizo yakaanza kurudi, mengine kupitia ukurasa wao wenyewe, mengine kwa simu, mengine kwa miguu. Hayajafika yalikokuwa. Lambrini akiulizwa kama anajuta, anasema anajuta kile chumba, kilikuwa na mwanga mzuri.

Juzi nilipita dukani, wiki moja kabla ya Pasaka. Walikuwa wanagombana. Magda alitaka tangazo liseme simu itapokelewa saa moja kila siku, hata Jumapili ya Pasaka. Lambrini alitaka lisiseme kitu kabisa.

"Saa moja tu!" Magda anapiga meza. "Ulimpa Kleanthis saa moja!"

"Kleanthis hakuwa na kondoo wa kuchoma. Pasaka mimi ninaye."

"Basi nitapokea mimi. Kwa jina langu."

"Pokea. Jina ni lako. Ila wakiuliza niko wapi, usiseme naumwa. Sema hataki."

Magda akachukua kalamu, akaanza kuandika kwa herufi kubwa, akiyasema maneno kwa sauti ili amwudhi. Lambrini akaendelea kuvika waya hariri, na hakuinua kichwa.